Vitabu vya Kale vya Usharika: Hazina Iliyopotelea Nyumbani

Utangulizi

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme tunasoma habari za mfalme Yosia, aliyeagiza nyumba ya Bwana ikarabatiwe. Mafundi walikuwa katika shughuli zao za mawe na mbao, na fedha ya kazi ikihesabiwa, ndipo kuhani mkuu Hilkia alipokiona kitabu cha torati ambacho watu walikuwa wamekisahau. Kitabu hicho hakikuwa kimeibwa wala kuchukuliwa mateka. Kilipotelea ndani ya nyumba ile ile iliyopaswa kukitunza.

Kamati ya maandalizi ya jubilei yetu iliponikabidhi sura hii, nilitarajia kuandika orodha fupi ya vitabu vya zamani vilivyomo katika kabati la sakristia. Kazi ikawa kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu sehemu iliyo kubwa zaidi ya historia hii ni habari za vitabu vilivyokuwapo na ambavyo havipo tena. Kwa hiyo nawaomba washarika wa Kilosa na Mikumi, pamoja na wageni wetu kutoka Dayosisi, waisome sura hii kama taarifa na pia kama ombi.

Vitabu vilivyofika kwa reli

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa, iliyo kati ya Morogoro na Dodoma, ikawa stesheni muhimu, na mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yakavuta watu kutoka pande zote za nchi. Wenyeji wa eneo hili, yaani Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wakajikuta wakiishi pamoja na Wabena, Wahehe, Wanyakyusa, Wachaga, Wasambaa na wengine wengi.

Miongoni mwa wageni hao walikuwamo Wakristo wa Kilutheri waliobatizwa katika vituo vya misioni vya kwao. Hawakuja na mchungaji wala kengele. Walikuja na sanduku la mbao au la bati, na ndani ya sanduku, chini ya shuka na nguo ya Jumapili, mlikuwamo kitabu cha nyimbo, Katekismo Ndogo ya Dakta Martin Luther, na kwa aliyejaliwa zaidi, Agano Jipya. Vitabu hivyo vilikuwa vya lugha mbalimbali. Wazee wetu walisimulia kwamba katika ibada za mwanzo watu waliimba wimbo mmoja kwa lugha tatu au nne kwa wakati mmoja, kila mtu akifuata kitabu cha kwao, na sauti ikapatana kwa kuwa tuni ilikuwa moja.

Huo ndio msingi wa mkusanyo wetu. Haukununuliwa na mtu tajiri wala haukutumwa kutoka Ulaya kwa meli. Uliletwa kwa treni ya abiria, kitabu kimoja kimoja, na watu ambao mshahara wao ulihesabiwa kwa siku za kukata mkonge.

Biblia nne na safari ya Kiswahili

Ili msomaji aelewe thamani ya vitabu hivi, yafaa tukumbuke njia ambayo Neno la Mungu lilipitia hadi kufika katika Kiswahili tunachokisoma madhabahuni leo.

Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na misioni ya Kianglikana ya CMS, alifika Zanzibar na Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosina, na mwaka huo huo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Sura tatu za kwanza za tafsiri yake zilipigwa chapa Marekani katika miaka hiyo ya 1840, ndani ya jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Huko Zanzibar, Askofu Edward Steere wa misioni ya UMCA alijenga juu ya msingi wa Kiunguja, na katika kiwanda cha chapa cha misioni yake walifanya kazi vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Steere alifariki mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, na Biblia ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, ikatoka mwaka 1914.

Upande wa Walutheri, Mchungaji Karl Roehl, aliyefanya kazi Usambara, alitafsiri Biblia nyingine. Wasaidizi wake Waafrika walikuwa Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, na majina yao yanastahili kutajwa kila jina la Roehl linapotajwa. Agano Jipya lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, ikapigwa chapa Stuttgart, Ujerumani. Roehl alipunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kutafuta maneno ya Kibantu ambayo, kwa maoni yake, watu wa bara wangeyaelewa upesi. Wako waliomsifu kwa hilo, na wako waliomlaumu.

Mwaka 1952 ilitoka Biblia ya Muungano, iliyokusudiwa kuwaunganisha wasomaji wa Kiunguja na wa Kimvita chini ya Kiswahili sanifu. Hiyo ndiyo iliyoenea katika makanisa mengi, na ndiyo ambayo wengi wetu tulikariri mistari yake tukiwa madarasa ya kipaimara. Biblia ya Roehl ikaondoka madhabahuni taratibu, bila tangazo wala sherehe. Ikahamia majumbani, ikapanda juu ya makabati, ikawekwa chini ya mito ya wagonjwa. Hatimaye ikawa kitabu ambacho kijana wa leo hajapata kukiona.

Kwa nini kitabu cha kawaida huwa adimu

Watu hudhani kwamba kitabu huwa adimu kwa sababu kilichapwa kwa uchache. Mara nyingi sababu ni nyingine. Biblia ya Kilatini ya Johannes Gutenberg, iliyokamilika kwenye mwaka 1455, inakadiriwa kuwa ilichapwa nakala zipatazo 180, na karibu nakala 49 zimedumu hadi leo, nyingine zikiwa si kamili. Hiyo ni zaidi ya robo. Zilidumu kwa kuwa zilikuwa kubwa na ghali, zikawekwa katika nyumba za watawa na maktaba ambako si kila mkono ulizigusa.

Kitabu cha nyimbo cha mfukoni hakina bahati hiyo. Kilibebwa kwenda shambani, kikanyeshewa, kikashikwa na watoto, kikakopeshwa kwa jirani, kikafunuliwa kwa kidole kilichotiwa mate. Kitabu kinachopendwa na kusomwa sana ndicho kinachokufa kwanza. Ndiyo maana katekismo zilizosambazwa kwa maelfu, magazeti ya Kanisa kama Pwani na Bara lililoanzishwa mwaka 1910, na vitabu vidogo vya kiwanda cha chapa cha Vuga, Usambara, ni vigumu kupatikana leo kuliko vitabu vinene vya wataalamu.

Wanunuzi wa vitabu vya kale huko Ulaya na Marekani hutazama mambo manne: kama kitabu ni cha chapa ya kwanza, kama kurasa zote zimo, kama jalada ni la asili, na kama inajulikana kilipita mikononi mwa nani. Mwandiko wa mtu mashuhuri pembeni mwa ukurasa hupandisha bei. Mwandiko wa mtu asiyejulikana mara nyingi huishusha.

Kwa usharika hesabu hii hugeuka. Katika Biblia ya Roehl ambayo familia moja ya Mikumi ilituonyesha wakati wa maandalizi ya jubilei, kurasa tupu za mwanzo zimejaa mwandiko wa penseli. Mwenye Biblia ameandika siku aliyoshuka treni Kilosa, jina la shamba alikoajiriwa, na watoto wake tisa kila mmoja na tarehe ya ubatizo. Mbele ya majina manne amechora msalaba mdogo. Mfanyabiashara angeona kitabu kilichochafuliwa. Sisi tuliona ukurasa ambao haupo katika daftari lolote la Kanisa wala la Serikali.

Moto, maji na mchwa

Adui wa vitabu katika nchi yetu wanajulikana: mchwa, mende, unyevu wa masika, na karatasi yenyewe. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 karatasi nyingi zilitengenezwa kwa mbao na kubakia na asidi ndani yake, ambayo huigeuza kuwa ya rangi ya kahawia na kuifanya ivunjike kama jani kavu.

Kilosa ina adui mwingine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake. Maelfu ya watu walikosa makazi, na reli iliharibika kiasi cha kusimamisha safari kwa miezi mingi. Januari 2014 mafuriko yalizikumba Magole na Dumila. Watu waliokimbia usiku walibeba watoto na wagonjwa, kama ilivyopasa, na hakuna awezaye kuwalaumu kwa kuacha sanduku la vitabu. Lakini baada ya maji kupungua, jambo moja lilidhihirika: nyumba nyingi zilipoteza kwa usiku mmoja vyeti, picha na vitabu vya vizazi vitatu, wala hapakuwapo nakala mahali pengine.

Tusidhani msiba wa namna hii ni wa maskini peke yao. Tarehe 2 Septemba 2004 moto uliunguza maktaba ya Anna Amalia mjini Weimar, Ujerumani. Vitabu vipatavyo 50,000 viliteketea. Biblia ya Luther ya mwaka 1534, ile ya kwanza kutolewa ikiwa kamili, ilitolewa salama kwa sababu walikuwapo watu waliojua ilipo na wakaingia kuichukua. Kitabu huokolewa na mtu anayejua mahali kilipo.

Nami sina budi kuungama jambo. Katika miaka ya 1970, nikiwa kijana wa kwaya katika usharika mmoja ambao sitautaja, tuliagizwa kusafisha chumba cha nyuma ya kanisa ili tupate mahali pa kuweka vitabu vipya vya nyimbo. Tulikuta masanduku mawili ya makaratasi yaliyoliwa na mchwa pembezoni. Tukayachoma nyuma ya kanisa, tukiimba. Nakumbuka nililiona daftari refu lenye mistari ya wino na majina, likiungua polepole kuliko mengine kwa sababu jalada lake lilikuwa gumu. Nililisukuma kwa kijiti ili liungue vizuri.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mzee wa kanisa, mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi mashambani tangu ujana wake alikuja kutafuta kumbukumbu za ubatizo wake. Alihitaji kuthibitisha umri. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kama watu wengi wa rika lake, na cheti cha ubatizo ni miongoni mwa nyaraka zinazokubaliwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, kuthibitisha kuzaliwa kwa mtu. Alitaja jina la mwinjilisti aliyembatiza, na hata wimbo ulioimbwa siku hiyo. Tulitafuta katika madaftari yote yaliyopo. Mwaka wake haukuwamo. Alikwenda kula kiapo mahakamani, akarudi mara nyingi, na mimi nilishindwa kumwambia kwamba huenda mwaka wake niliusukuma motoni kwa mkono wangu.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata mtu aweza kupotea hivyo.

Walioshika daftari wakati wa dhiki

Jambo hili linauma zaidi tukikumbuka jinsi madaftari hayo yalivyotunzwa hapo awali. Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa. Baada ya vita wamisionari wa Kijerumani waliondolewa nchini, wakaruhusiwa kurudi kuanzia katikati ya miaka ya 1920, kisha wakaondolewa tena Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939. Katika vipindi hivyo, Walutheri wa nchi nyingine walisaidia baadhi ya misioni zilizoachwa, lakini mahali pengi kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa walimu na wainjilisti wa Kiafrika. Hao ndio waliobatiza, waliofundisha na kuzika, na ndio waliohifadhi vitabu.

Kanisa la Uzaramo na Uluguru, ambalo ndilo mama wa kazi ya Kilutheri katika sehemu zetu hizi, lilikuwa moja ya makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Lilipoingia katika muungano huo liliingia na madaftari yake. Watu walioyatunza katika vita viwili hawakuwa na kabati la chuma wala ufunguo. Ikiwa sisi tulio na umeme na kompyuta tutayapoteza wakati wa amani, tutajibu nini?

Kuhifadhi bila kuhamisha

Kwa muda mrefu kukusanya vitabu vya kale kulimaanisha kuvichukua. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya hati za Kiarabu hutajwa kuwa ya mwaka 1728, unahifadhiwa Hamburg, Ujerumani. Hati nyingi alizokusanya mmisionari William Taylor huko Mombasa ziko London. Nyaraka za Misioni ya Leipzig ziko Halle. Huko zimetunzwa vizuri, na tunapaswa kushukuru. Hata hivyo, mjukuu wa mtu aliyetajwa ndani yake hawezi kupanda basi la asubuhi akaenda kuziona.

Njia nyingine ilionyeshwa hapa hapa nchini katika miaka ya 1960, J.W.T. Allen alipozunguka pwani kukusanya na kunakili hati za Kiswahili kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Orodha yake ilichapwa mwaka 1970, na hati hizo zimebaki Tanzania. Hivi karibuni zaidi, ndugu zetu Waislamu wa Lamu wametupa mfano mwema. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004. Picha zinasomwa duniani kote, na hati zenyewe zimebaki msikitini.

Mfano huo ulitusaidia Mikumi. Tulipokwenda kuomba ile Biblia yenye majina tisa iwekwe katika kabati la usharika, bibi anayeitunza alituitikia shikamoo zetu, akatukaribisha chai, akaisikiliza hoja yetu hadi mwisho. Kisha akaeleza kwamba msafiri mmoja aliyesimama barabarani aliwahi kutaka kuinunua, naye akakataa.

“Mwalimu,” aliniambia, “yule alitaka kuichukua kwa fedha, nanyi mnataka kuichukua kwa sala. Wajukuu wangu wakiuliza siku aliyozaliwa mama yao, niwatume kanisani wakaombe ufunguo?”

Hatukuwa na jibu. Tukaomba ruhusa ya kupiga picha kurasa zile, akakubali kwa furaha, na mjukuu wake akashika taa ya simu ili mwandiko uonekane. Biblia ilirudi katika khanga yake. Picha zimo katika kumbukumbu za usharika, pamoja na maelezo ya mahali Biblia ilipo.

Mapendekezo

Kutokana na yote hayo, tunaleta mbele ya Baraza la Wazee na washarika wote mapendekezo yafuatayo:

1. Pasichomwe wala kutupwa kitabu, daftari au karatasi yoyote ya usharika au ya mtaa wake kabla watu wawili walioteuliwa hawajaisoma na kutia sahihi.

2. Madaftari yote ya ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na nakala ziwekwe mahali pawili palipo mbali, ikiwamo ofisi ya Dayosisi. Mafuriko yakifika Kilosa, nakala iwe Morogoro.

3. Kabati la vitabu liinuliwe juu ya sakafu na kutengwa na ukuta, ili mchwa waonekane mapema na hewa ipite. Vitabu visifunikwe kwa plastiki isiyopitisha hewa, visigundishwe kwa utepe wa gundi, na anayeandika namba ya kitabu atumie penseli.

4. Kila mwaka iwepo Jumapili moja ambapo familia zitaalikwa kuleta vitabu vya kale kanisani, visomwe majina yaliyomo, vipigwe picha, kisha virudi nyumbani na wenyewe.

5. Vijana wa kipaimara wafundishwe kusoma mwandiko wa wazee wao, maana mwandiko usioweza kusomwa ni sawa na uliopotea.

Hitimisho

Zipo sehemu nyingi za nchi yetu ambako watu huchimba magofu wakitafuta rupia zilizofukiwa na Wajerumani. Wengi hupata jasho tu. Mali iliyoachwa na karne iliyopita kwa Walutheri wa Kilosa na Mikumi haikufukiwa ardhini. Imo sandukuni mwa bibi, juu ya kabati la mjane wa mfanyakazi wa reli, na katika chumba cha nyuma ya kanisa ambacho ufunguo wake hatukumbuki nani anao.

Leo treni ya umeme inapita Kilosa ikielekea Dodoma, safari iliyoanza mwaka 2024, na abiria wake hubeba Biblia ndani ya simu. Hilo ni jema. Lakini simu haina ukurasa tupu wa mbele ambamo baba ameandika kwa penseli majina ya watoto wake tisa, na kuchora misalaba minne.

Sehemu ya mwisho ya kitabu hiki cha jubilei imeachwa na kurasa kadhaa zisizo na maandishi, kwa makusudi. Msomaji mpendwa, andika humo majina ya watu wa nyumba yako na tarehe zao, kisha umwambie mtoto mmoja mahali unapokiweka.